Muulize Fundi: Kifuniko cha boliti 26

Mwezi huu barua ni tatu, ila ya kwanza imekula nafasi ya wenzake. Mlioandika kuhusu giaboksi za otomatiki mniwie radhi, zamu yenu inakuja.

Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Mikindani, kazi yangu ni kuchomelea mageti na madirisha. Kwa miaka miwili nimekuwa najenga gari langu mwenyewe la viti viwili. Chasisi ni ya mabomba. Injini ni Subaru EJ20 isiyo na tabo, nimeiweka nyuma ya viti na mbele ya ekseli ya nyuma, giaboksi yake imeelekea nyuma. Limeshatembea. Shida yangu ni ukuta wa kutenga viti na injini. Mkanda wa taimingi, ule unaozungusha shafti za kufungulia vali, unatazama migongo yetu. Nikichomelea ukuta wote, siku ya kubadili mkanda itabidi nishushe injini nzima. Nikiweka mlango, naogopa moshi na moto. Kwa sasa nimefunga bati la kuezekea kwa boliti 26, na mianya nimeijaza ile foumu ya kupuliza. Rafiki yangu niliyempakia anasema ndani kunanuka. Nifanyeje? (Mjenzi wa gari, Mikindani)

Marahaba mwanangu, na hongera. Wengi huchora gari kwenye daftari na daftari likaishia kufungia karanga. Wewe lako linatembea. Lakini lisitembee tena mpaka umalize kusoma hapa, hata kuja mjini tu. Kilomita kumi na kidogo zinatosha kumuumiza mtu.

Nikueleze kilichonipata. Miaka hiyo nilikuwa na gari la abiria ambalo injini yake inakaa chini ya viti vya mbele. Nilibadili plagi mwenyewe Masasi, jioni, nikiwa na haraka ya kurudi Mtwara. Raba ya kuzunguka kava la injini ilikuwa imekatika, nikairudisha kava bila raba. Klipu mbili zilikuwa zimekufa, nikaziacha zimekufa. Mvua ikaanza, nikapandisha vioo. Nilipofika Ndanda kichwa kilikuwa kinauma. Mtama, kizunguzungu. Mnazi Mmoja nikasimamisha gari, nikatapika, nikajiambia hii ni malaria. Nikalala kwenye benchi la muuza chai kama saa moja, nikapata nafuu, nikarudi ndani ya gari, na kichwa kikarudi. Malaria gani hiyo inayokusubiri kwenye kiti cha dereva? Hapo ndipo akili ilipofunguka. Nilimaliza safari vioo viko chini, nimelowa chapachapa. Na wa kulaumiwa sikuwa na haja ya kumtafuta, nilikuwa nimemkalia.

Kaboni monoksidi, ile hewa ya sumu iliyomo kwenye moshi wa ekzosi, haina rangi, haina harufu. Ikiingia kwenye damu hung'ang'ania mahali pa oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, na haiachii upesi. Hicho anachonusa rafiki yako ni petroli isiyoungua na oili iliyodondokea mahali pa moto. Kinachoua hakinuki, kinasafiri pamoja na hicho kinachonuka. Kwa hiyo mshukuru pua yake.

Sasa swali lako. Wewe umelileta kama mambo mawili yanayogombana: kuziba, au kufungua. Mimi nililijua kwa sura nyingine kabla sijashika gari hata moja, maana ufundi niliuanza kwenye boti. Injini ya boti iko chini ya sakafu, watu wako juu yake, shida ni ile ile. Boti moja tuliyokuwa tunaihudumia ilikuwa na kifuniko kizuri ajabu, kimefungwa kwa skrubu 40. Kilipofunguliwa mara ya kwanza kilirudi na 40. Mara ya pili kilirudi na 22. Mwaka wa pili nilihesabu skrubu 11, na pembeni kumepachikwa kipande cha kanga. Aliyekichora hakukosea lolote. Aliyemshinda ni fundi aliyechoka, saa kumi na mbili jioni, mbu wanamng'ata.

Basi usijiulize tu kifuniko kitaziba vipi. Jiulize kitarudishwaje na mtu mvivu. Boliti zako 26, mwanangu, zitakuwa 26 mara moja tu.

Anza kwa kubomoa. Lile bati litoe. Bati la geji 30 ni kama milimita 0.3, halina ubavu. Kati ya boliti na boliti linajikunja mawimbi, na kila wimbi ni mlango. Ukuta wenyewe ufanye kwa pleni ya chuma geji 18, yaani kama milimita 1.2. Atakuja mtu akwambie aluminiamu ni nyepesi. Ni kweli, lakini inayeyuka kwenye nyuzi 660, na moto wa petroli unapita hapo bila kutoka jasho. Chuma kinakupa dakika za kufungua mkanda wa kiti na kutoka. Pleni ikiwa ya mabati, ondoa zinki mahali pa kuchomelea na ufanyie kazi nje. Homa ya moshi wa zinki wewe mchomeleaji unaijua kuliko mimi.

Foumu ikwangue yote, usibakize hata ya kumbukumbu. Ile ni poliyurethani, ndugu wa godoro. Inashika moto, na moshi wake una sianidi. Umejenga ukuta wa kuzuia moto halafu ukauchomeka kuni.

Tukija kwenye kifuniko cha tundu utakaloliacha ukutani mbele ya mkanda. Usipime tundu kwa mkono wako, pima kwa kile kinachotoka na kwa spana itakayokifungua. Kwenye EJ20 boliti ya puli ya kranki, shafti kuu ya injini, inataka soketi namba 22 na mpini mrefu. Mpini huo unahitaji nafasi ya kuzunguka, tena wewe umepiga magoti pale viti vilipokuwa. Lazima pia uzione alama za taimingi za puli za kemu, zile shafti za vali, kulia na kushoto, na injini hii ni pana kwa sababu silinda zake zimelala. Chukua boksi la kadibodi, likate tundu, liegemeze mbele ya injini na ujaribu kufungua kila kitu kwa kupitia tundu hilo. Kadibodi ikikuzuia, panua. Kukata kadibodi mara tano ni bure.

Ukingo wa tundu uzungushie fremu ya engo ya milimita 25, bapa lake likitazama viti. Kifuniko kikae upande wa viti, kilalie bapa hilo pande zote, na kingo zake zikunjwe milimita 15 kuja kwako ili kiwe kigumu. Kifuniko kigumu kinabana sawasawa kwa boliti chache. Kilaini hata ukikipa 50 kitapumua.

Upande wa chini usiweke boliti hata moja. Huko ndiko nyuma ya kiti, mkono haufiki vizuri, na ndizo zitakazoachwa kwanza. Chomelea chaneli, kifuniko kitumbukie humo kama kioo cha dirisha la kusukuma, kisha kisimame na kubanwa juu na ubavuni. Kwa kipimo cha gari lako nadhani boliti 9 zitatosha, zote za milimita 6, zote za spana namba 10, zote urefu mmoja. Huyo mvivu asitafute ipi ni ya wapi. Na nati zilizochomelewa nyuma ya fremu ziwe kipofu, zimezibwa mwisho, ili siku boliti moja ikipotea porini isiache tundu la kupitisha moto. Kama huzipati, zibe nati za kawaida kwa tone la weldi kwa nyuma.

Usifunge mkanda wa kiti wala mgongo wa kiti kwenye kifuniko hicho. Mikanda ifungwe kwenye bomba la chasisi. Nimeona mtu kafanya hivyo, nikamuuliza siku ya kugonga atakwenda yeye na kifuniko chake mpaka wapi.

Gasketi ndiyo sehemu ninayoipenda. Watu hupaka silikoni pande zote mbili, wanabana, wanasifu. Siku ya kufungua wanabandua kwa bisibisi, gasketi inachanika, kisha kifuniko kinarudi hivyo hivyo. Wewe fanya hivi. Nunua silikoni nyekundu ya injini, ile ya kutengenezea gasketi. Nyeupe ya vioo na masinki iache dukani, haikuumbwa kwa joto. Safisha fremu kwa tina, weka mstari mnene wa silikoni kuizunguka yote. Kifuniko chenyewe kipake grisi nyembamba. Katika kila boliti weka washa za kufika milimita 3 kati ya fremu na kifuniko, kisha funga kwa vidole tu. Acha kutwa kucha. Silikoni hii hukauka kwa unyevu wa hewa, na unyevu huku pwani tumejaliwa. Ukifungua utakuta gasketi imeshika kwenye fremu, imechukua sura kamili ya kifuniko chako, makosa yake yote yakiwemo. Toa zile washa. Sasa ukikaza inajibana, na ukifungua inabaki nzima. Raba ya mlango wa gari kutoka kwa wauza vyuma chakavu nayo inafaa, mradi iwe mbali na ekzosi. Kamba nyeupe za kuzuia joto zilizotoka kwenye mitambo ya zamani usiziguse, nyingine ni asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu.

Halafu nenda kaangalie mahali ambapo hukuniandikia, maana najua hukupaangalia: handaki la katikati. Rejeta yako bila shaka iko mbele. Kwa hiyo mabomba ya maji, kebo ya gia, kebo ya mafuta, waya na bomba la breki vyote vinapita kati ya viti kwenda nyuma. Handaki hilo ni dohani iliyolala. Unaweza kuziba ukuta kama kaburi na moshi ukaja taratibu kwa njia ya gia. Mwisho wake wa nyuma uzibe kwa sahani ya chuma ya vipande viwili vinavyokumbatia mabomba. Kila waya upite kwenye tundu lake na raba yake; usitoboe tundu moja la ngumi ukalisokomeza tambara, kama kile kipande cha kanga kwenye boti. Bomba la petroli lisipite ndani kabisa. Likishindikana, liwe la chuma, kipande kimoja, bila kiungo hata kimoja upande wa watu.

Upande wa injini, kinyume chake, usizibe chini. Kwenye boti tuna ngama, maji yanayokusanyika tumboni mwa chombo, na mvuke wa petroli nao hushuka huko huko kwa sababu ni mzito kuliko hewa. Unakaa kimya unangoja cheche. Wewe una bahati, gari halizami. Acha chini wazi, petroli ikivuja idondoke barabarani na mvuke upeperushwe.

Joto sitaliongelea sana. Ekzosi ya EJ inatokea chini ya injini, kwa hiyo ukuta wako utaungua zaidi karibu na sakafu. Funga kipande cha pili cha bati jembamba linalong'aa upande wa injini, kikiwa mbali na ukuta milimita 15, wazi juu na chini hewa ipande. Basi. Zulia na sponji nyuma ya mgongo subiri kwanza.

Kupima. Kama tangi halina petroli na halijawahi kunusa petroli, azima chetezo nyumbani, tia mkaa na ubani, kiweke pale injini ilipo, funika juu kwa turubai na ukae ndani ya gari. Harufu utaipata haraka, lakini unachotafuta ni uzi wa moshi: unaingilia wapi. Gari lako limeshatembea, kwa hiyo chetezo SAHAU. Mkaa na mvuke wa petroli havikai chumba kimoja. Ngoja usiku, weka tochi kali mbili upande wa injini, wewe ingia ndani, jifunike turubai, kaa dakika tano macho yazoee giza. Kila nyota utakayoiona ina jina lake: tundu. Izungushie chaki. Mahali ambapo mwanga haupiti kona, mwambie mtu apulize poda ya mtoto kwa pampu ya baiskeli kutoka upande wa injini, uone vumbi jeupe linatokea wapi.

Baadaye lipime likitembea, ukiwa na kifaa cha kupima kaboni monoksidi, kwanza vioo vyote juu, kisha kimoja kikiwa nusu. Usicheke. Gari likikimbia na dirisha likiwa wazi, hewa ya ndani huvutwa nje, na nafasi yake huzibwa na hewa kutoka popote palipo na ufa, hata kutoka nyuma kwenye ekzosi. Ndiyo sababu gari linaweza kufaulu mbele ya gereji na kufeli barabara ya Lindi.

Na ule mkanda wenyewe, ulioanzisha yote haya: ubadili sasa hivi, kabla hujafunga ukuta, pamoja na tenshena inayoukaza, zile puli zake na pampu ya maji, maana pampu inazungushwa na mkanda huo huo. Hujui injini ya kununua imetembea kiasi gani. Kawaida yake ni kilomita 100,000, na injini nyingi za EJ mkanda ukikatika vali hupigana na pistoni. Ukiubadili leo, kifuniko chako kitafunguliwa mara chache, na kwa gari la kutembelea Jumapili huenda kikafunguliwa na mwanao. Plagi nazo zinatazama ubavuni, kulia na kushoto. Hakikisha bomba la chasisi halijazikalia.

Ukitaka kujua kama uko peke yako kwenye shida hii, hapana. Toyota walipotoa Estima mwaka 1990 waliilaza injini nyuzi 75 chini ya viti vya mbele, wakaona haifai mtu akitaka kugusa altaneta ainue sakafu. Wakapitisha shafti kwenda mbele, altaneta na kompresa ya AC vikakaa chini ya boneti, injini ikabaki kwao katikati. Kwenye MR2 yao ya 1984 waliilaza injini kukatiza gari, mikanda ikatazama tairi badala ya mgongo wa dereva. Wewe umechagua Subaru. Inapendeza kwa mlio, lakini mlango ni wako kuujenga.

Ukimaliza nipigie picha fremu kabla hujaipaka rangi. Rangi huficha mengi.

Fundi, habari za kazi. Nina Noah ile ya zamani, injini chini ya viti vya mbele, nabeba abiria Lindi hadi Mnazi Mmoja. Kiti changu kinachoma kuliko zamani na jioni macho yananiwasha. Fundi wa hapa aliniongezea zulia juu ya kava. Joto limepungua kidogo. Je, nimepona? (Dereva, Lindi)

Zulia limekuziba wewe usihisi, injini haijapona. Toa zulia, toa kiti, kagua raba ya kuzunguka kava: ikiwa imekuwa ngumu kama ganda la korosho, badili yote, usiunge. Kagua klipu, zote zibane, siyo zile zilizo karibu na mkono tu. Kisha, injini ikiwa baridi, angalia kwa tochi pale manifoldi ya ekzosi inapokutana na kichwa cha injini. Ukiona mistari ya masizi myeusi, gasketi inavuja na ndiyo inayokuwasha macho. Iwashe kabla haijapata moto, utaisikia inatoa mlio wa tiki-tiki. Mpaka utengeneze, tembea vioo chini, na mama mwenye mtoto mchanga usimkalishe mbele kwa heshima. Kumkalisha nyuma ndiyo heshima.

Shikamoo. Mume wangu ana Kirikuu ya kubebea mizigo. Nimeona kengele ya kaboni monoksidi ya betri nikataka kumnunulia, yeye anasema hiyo ni ya nyumba za Wazungu zenye baridi. Nani mkweli? (Mke wa mwenye Kirikuu, Tandahimba)

Marahaba binti yangu. Mnunulie. Ni kweli zilitengenezwa kwa ajili ya nyumba na hazipendi kuachwa juani juu ya dashibodi, kwa hiyo aiweke kivulini ubavuni mwa kiti na ashuke nayo mchana. Bonyeza kitufe chake cha majaribio kila Jumamosi, na soma nyuma mwisho wa matumizi, maana huisha hata kama bado inalia. Ikilia akiwa njiani, azime injini, washuke wote, wafungue milango. Najua atakachofanya siku ya kwanza: atachomoa betri ili asikie redio. Kwa hiyo nunua mbili, ya pili usimwambie ilipo.